Mkono Shingoni mwa Kapteni

Picha ya mbwa yule iliingia asubuhi, Kifutio akiwa bado na povu la sabuni mikononi. Alijifuta kwenye gauni akaifungua haraka, maana mwenye mashine hana subira; akituma picha saa hii, saa hii hii anauliza imefikia wapi. Alikuwa mbwa mweusi tii, ameketi kwenye nyasi zilizokatwa vizuri kuliko nywele za watu wengi, ulimi nje, macho yanatazama juu. Shingoni mwake palikuwa na mkono wa mtu. Mtu mwenyewe alikatwa na ukingo wa picha, akabaki kiganja tu na kipande cha mkono wa shati la kijani.

Chini ya picha mwenye mashine alikuwa ameandika: "Jiwe jeusi. Jina ni Kapteni. Toa nyuma yote, na huo mkono utoe. Huyu mteja mkubwa, usiniharibie."

Kifutio aliikuza picha ili aone pa kuanzia. Akaona kifungo. Shati lile la sare lilikuwa na vifungo vya kijani, lakini pale penye kifundo cha mkono palishonwa kifungo cheupe, kwa uzi mnene wa kushonea makochi. Aliujua uzi ule. Alikuwa ameuchomoa mwenyewe kwenye boksi la mumewe, akakishona kifungo kile mwenyewe, baba yake akiwa amesimama mlangoni anamhimiza kwamba atachelewa kazini.

Aliinua macho kutoka kwenye kompyuta. Mwenye mkono alikuwa pale pale mlangoni, kwenye kigoda, anakunja nguo za jana.

Hilo la Kifutio si jina alilopewa na wazazi. Alibatizwa na mwenye mashine, kwa sababu kazi yake ni kufuta. Watu waliofiwa na mbwa au paka hupeleka picha ili sura ya mnyama wao ichongwe kwenye ubao au kwenye jiwe la kuweka bustanini. Mashine ya leza yenyewe haimjui mbwa wala paka. Inajua pa kuunguza na pa kuacha, basi. Lazima akae mtu aiandalie picha. Kifutio anafuta makochi, mapazia, miguu ya watoto na magari ya jirani, mpaka mnyama abaki peke yake. Anaondoa rangi, anabakiza nyeupe na nyeusi, ananoa manyoya, anasafisha macho. Kwenye ubao, leza ikiunguza panakuwa peusi. Kwenye jiwe jeusi mambo ni kinyume, panapounguzwa ndipo panapong'aa, kwa hiyo mbwa mweusi kwenye jiwe jeusi ni mtihani. Ukimfanyia uvivu, mteja anapewa macho mawili na ulimi unaoelea gizani.

Kifutio alikuwa hodari wa kuwatoa mbwa weusi gizani, na kwa sasa nyumba nzima ilikula kwa uhodari huo. Mumewe alikuwa fundi makochi, fundi mzuri, ila watu siku hizi kochi likichakaa wanalitupa wananunua jipya. Makochi matatu ya watu yalikaa uani chini ya turubai, hayana vitambaa, na wenyewe wakipita barabarani wanageuza nyuso upande mwingine.

*

"Baba," Kifutio aliita. "Hebu njoo uangalie."

Mzee aliweka nguo chini akaja, akainama mbele ya kioo cha kompyuta kwa muda mrefu. Hakuutazama mkono kabisa.

"Bwana Mdogo," alisema.

"Hapa wameandika Kapteni."

"Kapteni ni la mbele ya wageni. Wao wakiita Kapteni anainua sikio moja. Mimi nikiita Bwana Mdogo anainuka mwili mzima." Akamgeukia binti yake. "Wameniulizia?"

"Aliyetuma ni mwenye mashine, baba. Hajui hata kama wewe ni baba yangu."

Hilo lilikuwa swali lake la kila siku. Mzee, aliyekuwa mtunza mbwa nyumbani kwa madam, alikuwa amemwaga unga siku ile ile mbwa alipozikwa. Mbwa mwenyewe alikufa kwa uzee, meno yote yamekwisha, lakini madam alisimama mbele ya mpishi na mtunza bustani akasema, "Ungekuwa unamwangalia asingekufa." Kisha akasema hakuna tena mbwa wa kutunzwa, kwa hiyo hakuna kazi. Mzee angeweza kuvumilia la pili. Lile la kwanza lilimkaa kooni. Tangu ahamie kwa binti yake, simu ya mtu yeyote ikilia anageuza shingo na kuuliza kama wamemuulizia, akitumaini kwamba kuna siku madam atapoa na kutuma neno. Hakutaka fedha, hakutaka kazi. Alitaka aambiwe kwamba si yeye aliyemuua yule mbwa, na kila siku iliyopita bila neno hilo alikula kidogo zaidi.

"Wanataka mkono utoke," Kifutio alimwambia, kwa sababu hakuona njia ya kumficha.

"Mkono upi?"

"Wako, baba."

Mzee alijitazama kiganja, akakificha mfukoni. "Basi utoe. Ni mkono tu huo."

"Usiutoe," fundi makochi alisema kutoka uani, ambako alikuwa anang'oa misumari mikuukuu na kuinyoosha. "Uache hapo hapo, wachongewe nao. Kila wakienda bustanini wajiulize ni wa nani."

"Nikiuacha tutakula nini? Misumari?"

"Misumari ninayo mingi," mumewe alisema, akaendelea kugonga.

Kifutio aliufuta mkono. Alianza na kifungo ili amalize haraka, akafuata mkono wa shati, kisha vidole kimoja kimoja. Chini yake likabaki tundu jeupe shingoni mwa mbwa. Akachota manyoya ya kifuani akayapandikiza pale, yakakataa kukaa. Manyoya ya kifua yanateremka, ya shingo yanazunguka. Akachota ya mgongoni, yakawa mabaya zaidi. Mbwa akaonekana amevishwa kiraka.

"Baba, chini ya mkono wako palikuwaje?"

Mzee alivuta kigoda akakaa karibu.

"Hapakuwa na manyoya," alisema.

"Hata kidogo?"

"Mnyororo ule. Wageni wakija alikuwa anafungwa nyuma, penye magari. Na wageni kwao hawakauki. Pakanyonyoka, pakawa hivi." Alijigusa utosini, kwenye upara wake. "Jioni nilikuwa nampaka mafuta. Yalipoanza kuota upya yaliota pembeni, mafupi, yanaelekea juu."

Kifutio akapachora alivyoambiwa. Mzee akasogeza kidole mpaka kikakaribia kioo: hapana, pana zaidi ya hapo, hapana, hapakuwa duara, palikuwa kama yai lililolala. Kutoka shingoni walihamia kwenye masikio, la kushoto lilikuwa linaanguka kuliko la kulia, halafu kwenye kidevu, ambako palikuwa na mvi ambazo picha haikuzionyesha. Walifanya kazi wakibishana kama mafundi wawili waliogawana cherehani moja. Mzee alicheka mara mbili. Chakula cha mchana kilipoletwa alikila chote, akapangusa sahani, na Kifutio akafurahi kuliko angelipwa kazi tatu kwa mpigo.

Alituma picha. Kawaida ya pale ni kwamba mteja huonyeshwa kwanza, akiridhia ndipo jiwe linawekwa kwenye mashine. Kabla jioni haijaingia, mwenye mashine aliandika: "Madam kasema sawa, mzuri sana. Naunguza."

*

Simu ya kumwita karakana ilikuwa fupi. "Njoo," mwenye mashine alisema. "Njoo sasa hivi."

Karakana ilinuka ubao ulioungua. Madam alikuwa amekaa kwenye kiti pekee chenye mgongo, mtandio ameubana puani, na mbele yake juu ya meza jiwe lilikuwa limelala. Kifutio alilitazama jiwe kabla ya kumtazama mtu. Alikuwa mbwa yule yule, na alikuwa hai kuliko kwenye picha. Mvi za kidevu zilionekana moja moja. Na pale shingoni, palipokuwa na rangi ya kijivu hafifu kwenye simu, leza ilikuwa imepakwangua pakang'aa kama kitako cha sahani. Mtu asingeweza kulitazama jiwe lile asianzie pale.

"Wewe ndiye uliyemtengeneza?" madam aliuliza.

"Ndiyo, madam. Shikamoo."

Salamu ilipita bila kuokotwa. "Hapa ni nini?"

"Ni shingo, madam."

"Naiona shingo. Nakuuliza hiki kidonda."

"Si kidonda. Nilivyoutoa ule mkono..."

"Mkono gani?"

Kifutio alimtazama mwenye mashine. Mwenye mashine alikuwa anafuta vumbi kwenye kitufe ambacho hakikuwa na vumbi.

"Kwenye picha palikuwa na mkono wa mtu, madam. Uliagiza utolewe."

"Basi ukiutoa ndiyo unamwekea mbwa wangu upele? Mbwa wangu alikuwa anaoshwa kwa shampuu ambayo wewe hujawahi kuishika. Alikuwa na manyoya mwili mzima. Nani alikwambia hana manyoya?"

Pale ndipo pangesemwa. Neno lilimjaa Kifutio mdomoni: baba yangu kaniambia, yule aliyekuwa anampaka mafuta, yule uliyemsimamisha mbele ya mpishi ukamwambia ameua. Alifikiri habari ya chakula cha kesho. Alifikiri kwamba madam akijua ni binti wa nani, atasema mzee katuma mtu amharibie jiwe. Akalimeza neno.

"Hakuna aliyeniambia, madam. Nimekosea mwenyewe."

"Huyu ni wa kufanyia nyumbani," mwenye mashine aliingilia kwa sauti ya kubembeleza mtoto. "Hajasomea. Tunamsaidia saidia tu. Nitakuchongea lingine, madam, bila gharama yoyote."

Madam alitoa leso akaanza kulia. Hakuwa anaigiza, mabega yalimtikisika na wanja ukamteremka shavuni. "Alikuwa mwanangu yule," alisema. "Nyinyi hamuwezi kuelewa. Alikuwa mwanangu." Kifutio alisimama pale, mikono nyuma, akamwonea huruma na kumchukia kwa pamoja, na hakujua kipi kilimchosha zaidi.

Gari la madam lilipoondoka, Kifutio aliuliza, "Si alisema sawa kwenye simu?"

"Alisema."

"Na ujumbe unao?"

"Ninao. Dada, mteja kama huyu haonyeshwi ujumbe wake mwenyewe." Mwenye mashine sasa alikuwa mtu wa kawaida tena, hana hata hasira. "Ana mashoga zake, wote wana mbwa. Akinisema vibaya nafunga. Gharama ya jiwe nitaikata kwenye kazi zako mpaka iishe. Hilo lichukue, siwezi kuliuza, lina jina la mbwa wa watu."

Alilifunga jiwe kwenye gunia akamtwika Kifutio begani kwa mikono yake mwenyewe, kwa adabu, kama anamsaidia.

*

Fundi makochi alimpokea mkewe jiwe mlangoni, akasikiliza kisa chote akiwa amelishika, akalitua chini taratibu.

"Kwa hiyo tumenunua mbwa," alisema.

Mzee alikuja akachuchumaa, akalifunua gunia. Alimtazama mbwa usoni, kisha shingoni.

"Ndiye," alisema. "Madam kapaona hapa?"

"Kapaona."

"Kasemaje?"

"Kasema mbwa wake alikuwa na manyoya mwili mzima. Kaniuliza nani kaniambia hana."

"Ukamwambia nani?"

"Nikamwambia nimekosea mwenyewe."

Mzee alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayesikia habari za mtu anayemfahamu vizuri. "Siku ya picha ile kulikuwa na sherehe. Yeye mwenyewe ndiye aliyeniita. Akaniambia, weka mkono pale, funika, watu wasipaone. Nikaweka. Akapiga picha mwenyewe kwa simu yake."

Fundi makochi aliacha kukunja gunia. Kifutio alikaa kwenye ukingo wa kochi lisilo na kitambaa.

"Baba, mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza chini ya mkono palikuwaje. Hukuniuliza mkono ulifuata nini."

"Lakini ulijua madam hataki paonekane."

"Nilijua."

"Ulijua akipaona atakasirika."

"Nilijua atakumbuka," mzee alisema. "Akipaona pale atakumbuka mnyororo. Akikumbuka mnyororo, atamkumbuka aliyekuwa anapaka mafuta. Sikutaka zaidi ya hapo, mwanangu."

Kifutio alishikwa na hasira ambayo hakuwahi kuwa nayo kwa mzazi, hasira ya mtu aliyejidhalilisha kumlinda mtu kumbe mtu huyo alishamponza zamani. Furaha yote ya siku ile, vile vicheko viwili, ile sahani iliyopanguswa, ilimgeukia ikawa uchungu.

"Hakukumbuka kitu," alisema. "Kalia, kapanda gari, kaenda. Jiwe nalipa mimi. Wewe umeshamwaga unga wako, baba, sasa unamwaga na wa wenzako."

"Basi, mke wangu," fundi makochi alisema. Ni yeye aliyetaka mkono uachwe, na ni yeye ambaye sasa hakujua atazame wapi.

Mzee alishika goti, akainuka kwa shida, akarudi kwenye kigoda chake. Hakujitetea. Jioni ile sahani yake ilirudi jikoni ilivyokwenda.

*

Picha ya pili Kifutio aliiandaa peke yake. Safari hii alichota manyoya kwenye picha ya mbwa mwingine kabisa, mbwa wa mteja wa zamani, mnene na mwenye afya, akayalaza shingoni mwa Kapteni, akayapinda, akayanoa mpaka yakakaa kama yalizaliwa pale. Mvi za kidevu alizifuta. Sikio la kushoto akaliinua likalingana na la kulia, maana hakutaka kuulizwa tena nani kamwambia. Mzee alikuwa mlangoni, amempa mgongo Kifutio na kompyuta yake, na hakuna aliyemuuliza mwenzake kitu. Ilipokamilika, ilikuwa picha safi ya mbwa ambaye hajawahi kuishi popote.

Jiwe la kwanza fundi makochi alilipatia kazi uani. Upepo ulikuwa unamsumbua, akalilaza kifudifudi juu ya ncha ya turubai. Asubuhi ya kwanza alilikuta limegeuzwa, uso juu. Alilirudisha kifudifudi kwa sababu ya vumbi, na asubuhi iliyofuata akalikuta limegeuka tena. Akaliacha hivyo.

Mwenye mashine hakuandika kwa muda. Kazi alizokuwa anazituma kila asubuhi zilikauka, na Kifutio alisikia kwamba amempata kijana aliyesomea, wa bei rahisi. Halafu siku moja mchana, mawingu yakiwa yanajikusanya, simu ikalia. Haikuwa kazi. Mwenye mashine alikuwa amemrushia ujumbe wa madam, bila kuongeza neno lake lolote: "Sasa huyu ndiye Kapteni wangu. Yuko vile vile. Nimelia sana. Ahsante."

Kifutio aliusoma, akausoma tena. Aliutafuta pale ambapo pangekuwa na neno jingine, hakupaona.

"Ni mwenye mashine huyo?" mzee aliuliza kutoka mlangoni.

"Ndiye."

"Madam kalipokea jiwe?"

"Kalipokea. Kafurahi."

Mzee aliitikia kwa kichwa. Alikuwa amekonda, shati la kijani, ambalo hakuwahi kulirudisha, lilimning'inia mabegani na kifungo cheupe kilikuwa bado kimeshika. Tangu siku ya ugomvi hakuwa amelirudia swali lake. Kifutio alimwona anavyolizungusha mdomoni, anavyolimeza, na anavyoshindwa.

"Hajaniulizia?"

Hasira ilikuwa imeshamwisha Kifutio. Kilichobaki ni aibu, na mtu mwenye aibu huwa mwepesi wa kutoa asichokuwa nacho.

"Kakuulizia, baba."

Mzee aligeuka mzima mzima. "Kweli?"

"Kauliza hali yako. Kasema ulimtunza vizuri yule mbwa. Kasema ulikuwa uzee tu, si kosa la mtu."

Mzee alinyoosha mgongo. Kitu kilitulia usoni mwake, kitu kilichokuwa kimekaza tangu aje, na kwa muda mfupi Kifutio alijiambia kwamba huu ndio uongo mmoja mzuri aliowahi kuusema. Kisha mzee akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka tu kusikia tena:

"Kaniitaje?"

Kifutio alifungua mdomo. Yeye alimwita baba. Mumewe alimwita mzee, na majirani walimwita baba yake fulani. Lakini kule, miaka yote ile, nyuma ya lile geti, walimwita nani? Jina lake? Mtu wa mbwa? Au walipiga makofi tu akaja? Alikuwa amemshonea vifungo, amemfulia ile sare, amemfuta mkono wake kidole kimoja kimoja, na hakuwahi kumuuliza.

Mzee alimsubiri. Alimsubiri kwa upole, kama anampa mtoto nafasi ya kukumbuka alikoweka ufunguo.

"Mvua inakuja," alisema baadaye, akatoka uani kuanua nguo.